MASIKA YA REDIO SI MVUA YETU
Jinsi ya kusikiliza utabiri wa mvua kabla hujamwaga mbegu

Ndugu wakimbizi na wenyeji wetu wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule,

Kila mwaka, mwezi wa pili ukikaribia kwisha, maswali yanakuwa yale yale. Kwenye bomba la maji, kwenye kituo cha mgao, kwenye njia ya kwenda kutafuta kuni, watu wanaulizana: mvua itakuja lini? Mwaka huu itakuwa nyingi au kidogo? Tupande sasa au tungoje? Sisi wafanyakazi wa jamii tunaulizwa hivyo kila siku tunapotembelea bloku. Basi katika toleo hili tumeona tueleze jambo hilo moja kwa urefu.

Nianze na makosa yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza familia yetu kupewa kiwanja hapa, nilikuwa nimetoka shule ya sekondari na nilijiona najua mambo. Mwezi wa tatu nilisikia kwenye redio ya Kiswahili kwamba masika yameanza na mvua zitakuwa nyingi. Usiku ule ule ikanyesha hapa, mvua nzuri yenye ngurumo. Asubuhi nikamwambia mama, "Mama, tupande zote leo." Tukapanda mahindi yote na maharage yote tuliyokuwa nayo. Mama mmoja mwenyeji, jirani yetu, alipita akasimama akatutazama. Akasema, "Mwanangu, hii ni mvua ya kufagia vumbi tu. Ngojeni kidogo." Mimi nikacheka. Redio imesema, nani atabisha?

Mbegu ziliota vizuri. Kisha jua likawaka karibu wiki tatu bila tone. Miche ikakauka yote. Mvua yenyewe ilipokuja mwezi wa nne, hatukuwa na mbegu hata punje. Mama alikwenda kukopa kwa watu, na deni lile tulililipa kwa mavuno ya mwaka mzima.

Baadaye nilielewa kwamba redio haikusema uongo. Ilikuwa inasema na watu wa mahali pengine. Sisi ndio hatukujua.

MASIKA NI YA NANI?

Neno masika ni la watu wa pwani na wa Tanzania na Kenya. Kwao mvua kubwa ni ya mwezi wa tatu, wa nne na wa tano. Kisha kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa kwao ni kukavu na kuna baridi. Mvua za vuli zinarudi mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Kwa hiyo redio ya Dar es Salaam au ya Nairobi ikitangaza masika, inatangaza msimu wao mkubwa.

Hapa West Nile kalenda ni nyingine. Kiangazi chetu ni mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, na mara nyingi sehemu kubwa ya mwezi wa tatu. Mvua inatulia mwishoni mwa mwezi wa tatu au ndani ya mwezi wa nne. Mwezi wa sita inapungua kwa muda. Halafu inarudi kwa nguvu, na miezi yenye mvua kubwa kwetu ni wa nane, wa tisa na wa kumi. Mwezi wa kumi na moja inaanza kutuaga.

Tazama basi: mwezi wa nane, wakati Dar es Salaam kumekauka, hapa kwetu barabara hazipitiki.

Wengi wetu tumekuja na kalenda ya nyumbani kichwani. Waliotoka Kivu wamezoea kupanda mwezi wa tisa, na tena mwezi wa pili au wa tatu. Hapa ukipanda mahindi mwezi wa pili umewalisha ndege. Waliotoka Yei na Kajo-Keji, Sudan Kusini, na waliotoka Aru, Ariwara na Faradje, Kongo, hawapati shida hiyo sana, kwa sababu kwao mvua inafanana na ya hapa. Kama wewe ni mgeni kutoka mbali, muulize jirani wa upande huo kabla hujashika jembe.

KWA NINI MVUA YETU INACHELEWA, HALAFU INAKAA?

Mvua kubwa za Afrika zinafuata jua. Mahali jua linapokuwa utosini, ardhi inapata moto sana, hewa inapanda juu, na upepo wenye unyevu unavutwa kuja pale. Hapo mawingu yanajengeka. Ni kama ukanda mrefu wa mvua unaozunguka dunia, nao unapanda kaskazini na kushuka kusini kila mwaka, ukilifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa.

Mnamo tarehe 21 Machi jua linapita juu ya mstari wa ikweta. Arua iko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi 3 hivi, kwa hiyo jua linatufikia utosini siku chache baadaye, mwishoni mwa Machi. Mvua inakuja nyuma yake. Mwezi wa sita jua limekwenda mbali kaskazini, na ukanda wa mvua umelifuata. Ndipo mvua yetu inapopungua. Lakini haikatiki kabisa kama ya pwani, kwa sababu kuna upepo wenye unyevu unaotoka magharibi, upande wa misitu mikubwa ya Kongo, nao unatuletea mawingu mwezi wa saba na wa nane. Katikati ya mwezi wa tisa jua linapita tena juu yetu likirudi kusini, na mvua zinakuwa nyingi zaidi. Kisha jua linakwenda zake kusini, upepo mkavu wa kaskazini unaingia na vumbi lake, na kiangazi kimeanza.

Tena hata ndani ya West Nile hatulingani. Mji wa Arua uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa kando ya mto Nile, upande wa Rhino Camp, uko chini, kidogo zaidi ya mita 600 tu. Huko chini ni joto zaidi, mvua ni kidogo zaidi, na udongo unakauka haraka. Kwa hiyo mtu wa Rhino Camp asimwige ndugu yake wa mjini Arua au wa Koboko. Mvua iliyotosha kule juu inaweza isitoshe huku uwandani.

UTABIRI UNATOKA WAPI?

Hapa Uganda wanaotangaza utabiri ni Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa, ambayo watu wengi wanaijua kwa herufi UNMA. Nao wanakaa pamoja na wenzao wa nchi jirani katika mkutano ulioanza mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 kuharibu mashamba, barabara na madaraja Afrika Mashariki. Mkutano huo unaandaliwa na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kinachoitwa ICPAC, kilichoko Ngong karibu na Nairobi. Nchi zinazohusika ni 11, na Uganda, Sudan Kusini, Kenya na Tanzania zimo. Kongo haimo. Ndugu zetu wa Lobule wakumbuke hilo: tangazo linaweza kuishia mpakani, lakini mawingu hayana kitambulisho.

Matangazo ya msimu ni matatu kwa mwaka. La kwanza ni la Machi, Aprili na Mei. La pili linatoka karibu na mwezi wa tano, nalo ni la miezi inayoanza Juni. La tatu ni la Oktoba mpaka Desemba. Watu wengi wanasikiliza la kwanza tu, kwa sababu ndilo linalozungumzwa sana. Lakini kwetu sisi wa kaskazini, la pili lina uzito mkubwa kuliko la kwanza. Linahusu miezi yenye mvua kubwa ya hapa. Usilikose.

MAANA YA ASILIMIA: MAHARAGE KUMI

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya wengi. Utabiri hausemi, "mvua itakuwa nyingi." Unasema, kwa mfano, "kuna uwezekano wa asilimia 50 wa mvua juu ya wastani, asilimia 30 ya wastani, na asilimia 20 chini ya wastani." Mtangazaji akifupisha, unasikia tu "mvua nyingi." Hapo ndipo tunapopotea.

Wataalamu wanafanya hivi. Wanachukua vipimo vya mvua vya miaka 30. Wanaipanga kuanzia mwaka wenye mvua kidogo kabisa mpaka mwaka wenye mvua nyingi kabisa. Miaka 10 ya chini wanaiita "chini ya wastani." Miaka 10 ya katikati wanaiita "wastani." Miaka 10 ya juu wanaiita "juu ya wastani." Kisha wanatazama bahari na upepo, na kusema msimu unaokuja unaelekea kufanana na kundi gani.

Fanya jaribio hili nyumbani na watoto. Chukua maharage 10: matano mekundu, matatu meupe, mawili meusi. Mekundu ni mvua nyingi, meupe ni ya wastani, meusi ni mvua kidogo. (Huu ni mfano wa kujifunzia, si utabiri wa mwaka huu.) Yatie kwenye mfuko, tikisa, ingiza mkono bila kutazama, utoe moja. Mara nyingi utatoa jekundu. Lakini ukirudia mara nyingi, jeusi nalo litatoka. Likitoka jeusi, mfuko haukukudanganya. Maharage meusi yalikuwa mle ndani tangu mwanzo.

Msimu mmoja ni harage moja. Utabiri unakwambia mfuko una maharage gani. Haukwambii mkono utatoka na lipi. Sasa jiulize: kama mbegu ulizo nazo ni hizo tu, je, utaziweka zote kwenye harage moja?

Swali hilo si la mchezo. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula wa WFP hapa Uganda umepangwa kwa makundi, na kuna kaya ambazo hazipati tena chochote. Zamani mavuno yakikosekana, mgao ulikuwepo. Leo kwa nyumba nyingi kosa la kupanda ni njaa ya kweli.

MAMBO AMBAYO UTABIRI WA MSIMU HAUSEMI

Kwanza, hausemi mvua itagawanyikaje. Unahesabu jumla ya miezi mitatu. Msimu unaweza kuitwa "juu ya wastani" kwa sababu mvua kubwa ilinyesha siku chache, na katikati jua likawaka wiki tatu. Mahindi hayali jumla. Yanakunywa kila wiki.

Pili, "chini ya wastani" si lazima iwe ukame. Ni kama ile miaka 10 ya chini kati ya 30. Mvua kidogo iliyonyesha kwa mpangilio mzuri inaweza kukomaza karanga na kunde vizuri.

Tatu, hausemi habari za shamba lako. Unasema habari za eneo kubwa. Mvua za huku ni za ngurumo. Zinaweza kulowesha bloku moja na kuiacha jirani yake na vumbi.

Kwa hiyo pamoja na tangazo la msimu, sikiliza pia matangazo mafupi: ya mwezi, ya siku 10, na ya kila siku. Tangazo la msimu linakusaidia kuchagua utapanda nini. Matangazo mafupi yanakusaidia kuchagua siku ya kupanda.

NA EL NIÑO JE?

El Niño ni maji ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, kupata joto kuliko kawaida. Joto hilo linabadilisha upepo wa dunia. Watu wakisikia El Niño wanaogopa mafuriko, kwa sababu ya yale ya 1997. Lakini sikilizeni vizuri. El Niño mara nyingi inaleta mvua nyingi Kenya, Tanzania na Uganda katika miezi ya Oktoba mpaka Desemba. Katika miezi ya Juni mpaka Septemba, upande wa kaskazini wa ukanda huu, yaani Ethiopia, Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, mara nyingi inapunguza mvua. Neno ni lile lile, lakini matokeo yanategemea mwezi na mahali. Ukisikia El Niño, usiishie hapo. Uliza: ni kwa miezi gani, na ni kwa nani?

Ndugu wa uwandani kando ya Nile wana jambo moja zaidi. Mto unaweza kujaa hata kama hapa hakujanyesha. Maji yake yanatoka Ziwa Victoria na Ziwa Albert. Mwishoni mwa 2019 bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto sana, mvua kubwa zikanyesha Afrika Mashariki, na mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Maji yale yalishuka na mto, na watu wa kandokando ya Nile huku kwetu wakahama makwao. Kwa hiyo anayelima bondeni asikilize pia habari za maziwa.

MAMBO MATANO KABLA YA KUPANDA

1. Pima mvua. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na mti na nyumba. Asubuhi pima maji kwa rula ya mtoto wa shule. Mvua ya kuanzia kupanda inatakiwa ifike kama milimita 20 ndani ya siku tatu. Msidharau namba hiyo. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 kikipata milimita 20, kimepokea lita 18,000. Hizo ni jerikani 900 za lita 20. Hakuna mtu anayeweza kubeba maji hayo kutoka kwenye bomba.

2. Chimba. Usitazame udongo wa juu. Chimba shimo dogo la urefu wa kiganja na vidole. Chukua udongo wa chini, ukamue mkononi. Ukishikana, unyevu umefika. Ukimwagika kama unga, ngoja.

3. Gawa mbegu mafungu matatu. Fungu la kwanza panda mvua inapotulia. La pili panda baada ya siku 10 hivi. La tatu lifungie ndani. Jua likichoma la kwanza, bado unayo mawili. Mvua ikiwa nzuri tangu mwanzo, hukupoteza kitu. Umechelewa kidogo tu.

4. Changanya mazao. Mahindi yanataka maji kwa miezi mitatu mpaka minne, nayo ni mepesi kufa jua likiwaka yakiwa yanatoa maua. Mtama, kunde na karanga zinavumilia zaidi. Muhogo ukishika mizizi unangoja mvua, na majani yake ni sombe ya watoto. Kama utabiri unaelekea mvua kidogo, ongeza hayo na punguza mahindi. Dodo, ambayo Wakongo wanaiita lengalenga, panda karibu na mahali mnapoogea, maji ya kuoga yaimwagilie.

5. Weka mbegu za msimu wa pili. Simsim, maharage na kunde za hapa zinaweza kupandwa mwezi wa saba na wa nane na kukomaa kabla ya kiangazi. Aliyekosa mwezi wa nne hajakosa mwaka mzima. Ile mvua kubwa bado iko mbele.

Na mwenye bati asiache maji yamwagike. Paa la mita 4 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 200, yaani jerikani 10. Mfereji wa bati lililokunjwa na pipa safi lenye kifuniko vinatosha kuanzia. Funikeni, maana mbu hutaga kwenye maji yaliyo wazi, na malaria huzidi mvua zikishatulia.

UPEPO NA RADI

Mvua za kwanza hapa hazinyeshi kwa upole. Zinatanguliwa na upepo mkali na vumbi. Kabla ya mwisho wa mwezi wa pili kazeni kamba za turubai, ongezeni nguzo, na chimbeni mtaro kuzunguka nyumba. Nyumba za wazee na za wajane zifanywe kwanza. Vijana wa bloku, hiyo ni kazi yenu.

Kuhusu radi tunaomba msikilize kwa makini. Agosti 2020 hapa Arua watoto 10 waliuawa na radi. Walikuwa wakicheza mpira, mvua ikaja, wakajikinga ndani ya kibanda. Novemba 2024 katika kambi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, watu 14 waliuawa na radi wakiwa wamekusanyika kusali. Hawakufanya kosa lolote. Walikimbilia mahali palipoonekana salama.

Kibanda cha nyasi, hema, turubai na kivuli cha mti havizuii radi. Nyumba ya matofali iliyofungwa ni bora, na gari lililofungwa pia. Wingu jeusi likianza kunguruma, simamisha mpira, simamisha kulima, wapeleke watoto ndani mapema. Walimu na viongozi wa ibada, msingoje tone la kwanza, kwa maana radi hutangulia mvua. Kama hakuna nyumba imara karibu, msisongamane mahali pamoja. Achaneni, mkae mbali na miti mirefu, nguzo na maji. Rudini nje baada ya nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshikeni, mumsaidie, mumkimbize kituo cha afya mara moja. Wengine wanaokolewa.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Swali: Wazee wanatazama kumbikumbi, ndege na miti. Je, ni ujinga?
Jibu: Hapana. Kumbikumbi wanaruka udongo ukishalowa, kwa hiyo wanakwambia habari za leo katika mahali ulipo, jambo ambalo tangazo la Kampala haliwezi. Lakini hawakwambii jumla ya miezi mitatu. Sikiliza wote wawili. Yule mama jirani aliponionya, alijua kitu ambacho mimi na redio yangu hatukukijua.

Swali: Mvua ni kazi ya Mungu. Mbona watu wanatabiri?
Jibu: Mchungaji akiona mawingu anafunga dirisha la kanisa, na shehe anaanua mkeka. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mtaalamu naye anatazama dalili, ila anatazama mpaka baharini.

Swali: Mbegu nilizopewa zimefika mvua ikiwa imekwenda mbele. Nifanye nini?
Jibu: Hesabu. Maharage yanataka kama miezi miwili na nusu mpaka mitatu. Ukipanda mwezi wa tano, tegemea yapitie kipindi cha mwezi wa sita ambapo mvua inapungua, basi panda sehemu tu. Nyingine weka pakavu, upande mwezi wa saba au wa nane. Usizile. Najua ni rahisi kusema, lakini jaribu uweke hata bakuli moja.

Swali: Mwaka jana tangazo halikutimia. Kwa nini niliamini tena?
Jibu: Rudi kwenye maharage 10. Msimu wa mwezi wa tatu mpaka wa tano ndio mgumu zaidi kuutabiri katika ukanda wetu, na wataalamu wenyewe wanakubali. Uamini kama unavyomwamini rafiki anayekosea mara moja moja: msikilize, lakini usimkabidhi mbegu zote.

Ndugu wasomaji, tangazo la mvua likitoka tutalisoma kwenye mikutano ya bloku kwa Kiswahili, na anayejua Kilugbara, Kikakwa au Kiarabu cha Juba tunaomba atusaidie kulisema kwa lugha hizo. Njooni mkiwa na maswali matatu: Ni la miezi gani? Ni la eneo gani? Uwezekano ni kiasi gani kwa kila kundi? Asiyeweza kujibu hayo matatu hajakuletea utabiri, amekuletea uvumi.

Mama yangu sasa ana desturi yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, anatoka nje na jembe, anachimba shimo dogo, anakamua udongo, kisha ananitazama mimi mwenye cheti cha sekondari. "Bado," anasema. Anarudi ndani, na fungu la tatu la mbegu linabaki limening'inia juu ya moshi wa jiko.

Tunawatakia msimu mwema.